Land Rover ya zamani: kusuka injini upya au kubandika nyingine?

Msimu wa ununuzi wa pamba mkoani Simiyu kwa kawaida hufunguliwa Mei. Kwa mwenye Land Rover 109 inayofuka moshi, miezi miwili kabla ya hapo ndiyo ya kuamua. Gari hilo, lenye zaidi ya miaka 40, bado linatoa magunia ya dengu na choroko katika vijiji vya Meatu na Itilima, ambako udongo mweusi wa mbuga ukilowa, lori hulala njiani. Likikaa gereji Juni nzima, mapato ya msimu yamekwenda.

Swali la wenye magari haya ni lile lile: injini ya lita 2.25 ifumuliwe na kusukwa upya, au itolewe na kubandikwa ya Toyota ya mtumba?

Fundi wa Bariadi akiulizwa, mara nyingi jibu huwa fupi: toa, weka 3L. Hoja anayo. 3L ni dizeli ya lita 2.8 iliyokuja na Hiace na Hilux, na spea zake hazimsumbui mtu. Ina nguvu za farasi karibu 90, wakati Land Rover ya petroli ilitoka kiwandani na kama 70 na ya dizeli 62.

Hata hivyo, jibu hilo linaruka hesabu ya kwanza, nayo ni kilomita ambazo gari linatembea kwa mwaka.

Chukua 109 ya petroli inayokwenda kilomita 6 kwa lita, ikilinganishwa na dizeli iliyobandikwa inayokwenda kilomita 10. Mfanyabiashara anayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka atatumia lita 2,000 kwa injini ya kwanza na 1,200 kwa ya pili. Lita 800 zinazobaki, zikizidishwa kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi husika, zinaweza kulipa sehemu nzuri ya gharama za kubadilisha. Lakini mkulima anayeliwasha gari siku za gulio na wakati wa mavuno tu, kilomita 3,000 kwa mwaka, anaokoa lita 200. Huyo atasubiri miaka mingi kurudisha fedha yake. Ikumbukwe pia kwamba tangu 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na kuhamishiwa kwenye mafuta, hivyo injini inayokunywa sana inalipa kodi zaidi kila inapofika kituoni.

Mwenye 109 ya dizeli hesabu yake ni tofauti kabisa. Injini yake ya asili haipishani sana na 3L kwa ulaji wa mafuta. Anachonunua ni nguvu tu, na si kila mzigo unaihitaji.

Kabla ya kuamua lolote, injini ya zamani ipimwe. Moshi wa bluu na kula oili si hukumu ya kifo. Mara nyingi ni ringi na silinda zilizolika. Silinda zinaweza kupanuliwa mashineni na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, au bloki ikawekwa slivu. Krankishafti nayo huchongwa na kuwekewa beringi nene, ila ina kikomo: iliyokwisha kuchongwa mara kadhaa haina tena nyama. Injini zilizotengenezwa kuanzia 1980 krankishafti yake inakaa kwenye beringi kuu 5 badala ya 3, na hizo zinastahili zaidi kusukwa. Bloki iliyopasuka ni habari nyingine. Hapo mjadala umekwisha.

Upande wa kubandika, bei inayotajwa gereji huwa ni ya injini peke yake. Kuna bamba la kuiunganisha na gia boksi, maunti za kuchomelea, radieta, mabomba, na propela shafti za kukatwa au kurefushwa. Gia boksi ya 109 haikuundwa kwa injini yenye mvuto mkubwa, ndiyo maana wengine huweka injini na gia boksi yake pamoja. Wakichukua ya Hiace, gari linapoteza gia ya kuvuta tairi za mbele. Mbugani hilo si Land Rover tena, ni Hiace refu.

Lami nayo imeleta tamaa yake. Barabara ya Lamadi hadi Bariadi na Maswa inamfanya dereva atake mwendo. Gia boksi na difu za asili zikibaki, injini yoyote itazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika gari likiwa kilomita 80 kwa saa, na breki ni zile zile za drami kwa tairi zote nne. Anayeongeza nguvu bila kugusa breki anajitafutia balaa.

Injini ya mtumba yenyewe ni uchakavu wa mtu mwingine ulionunuliwa gizani. Iwashwe ikiwa baridi, kifuniko cha oili kifunguliwe ili ionekane kama inapumua moshi, na mgandamizo upimwe silinda moja moja. Risiti itunzwe, kwa sababu kadi ya gari ina namba ya injini na mabadiliko lazima yafike TRA. Mwenye namba zisizolingana atajieleza barabarani, na siku ya kuuza mnunuzi atamshusha bei.

Land Rover iliyobaki na injini yake ya asili, kwa upande mwingine, imeanza kuwa na wateja nje ya kilimo. Oktoba 2024 mamia ya magari haya yalijaa Arusha katika Tamasha la Land Rover. Hiyo haimsaidii mwenye gunia la dengu leo, lakini ni sababu tosha ya kutoiacha injini kuukuu gereji ikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Apatane na fundi mapema, kwa maandishi, kwamba inarudi nyumbani pamoja na gari.