Tyson ama Fury? Kabla Ujibu, Uliza Kwanza Ni Raundi Ngapi

Kuna swali moja likitupwa kwa base, hakuna mtu anarudi keja mapema: Mike Tyson wa 1988 akiingia ulingoni na Tyson Fury, nani analala? Wazee watakuambia mabondia wa siku hizi ni laini, wanapigana mara mbili kwa mwaka na kuondoka na mamilioni. Vijana nao wanatoa simu: cheki urefu, cheki kilo, huyo Mike wenu angefikia hicho kichwa na ngazi gani? Kelele inaendelea mpaka mwenye kibanda azime taa.

Jibu lipo. Shida ni vile tunauliza. Tunataja majina mawili, halafu tunasahau kitu muhimu zaidi: hiyo fight inapigwa kwa sheria za enzi ya nani? Juu ukibadilisha sheria, unaweza badilisha mshindi. Na hii si maneno ya mtaa tu, iko kwa historia.

Kompyuta ilishajaribu, ikaleta vita

Mwaka 1969 promota wa Marekani, Murray Woroner, aliwaingiza Muhammad Ali na Rocky Marciano kwa studio huko Miami. Ali alikuwa amefungiwa kupigana juu alikataa kuenda jeshi wakati wa vita ya Vietnam. Marciano alikuwa amestaafu tangu 1956, na rekodi yake ilikuwa safi: mapigano 49, ushindi 49. Ilibidi mzee apunguze mwili na avae wigi ndio akae vile alikuwa enzi zake. Wakarekodi raundi nyingi za kuigiza, halafu kompyuta ikalishwa data ya wote wawili ndio iamue mwisho.

Filamu ilitoka Januari 1970. Huko Marekani, watu waliojaa kwa sinema walimwona Marciano akimzima Ali raundi ya 13. Marciano mwenyewe hakuiona. Alikuwa amekufa kwa ajali ya ndege Agosti 1969.

Sasa shika hiyo namba 13 vizuri. Leo hakuna raundi ya 13. Fight ya ubingwa inaisha 12.

Raundi yenye ilitengeneza malejendi

Turudi 1941. Joe Louis alikuwa bingwa wa wazito tangu 1937, na mwaka huo peke yake alitetea mkanda mara saba. Juni akakutana na Billy Conn huko New York. Conn alikuwa mwepesi kuliko yeye kwa kilo kadhaa, lakini alikuwa na miguu na akili. Baada ya raundi 12, maafisa wawili kati ya watatu walikuwa wamemweka Conn mbele, na wa tatu alikuwa na sare. Kwa sheria za leo, hapo kengele inalia, Conn anavalishwa mkanda, Louis anaenda nyumbani na story ya kusikitisha.

Lakini ilikuwa raundi 15. Conn akaingia raundi ya 13 akitafuta KO, akasimama kubadilishana makombora na mtu mwenye hukubadilishana naye makombora. Louis akamlaza.

Septemba 1952, Philadelphia, sinema ni ile ile. Jersey Joe Walcott, bingwa, alimwangusha Marciano raundi ya kwanza kabisa, na baada ya raundi 12 alikuwa anaongoza kwa kadi zote tatu. Raundi ya 13 Marciano akaachilia ngumi moja ya kulia, Walcott akabaki amening'inia kwa kamba. Hiyo ngumi moja ndiyo ilifungua mlango wa 49 bila kupoteza. Fight ikiwa ya 12, hiyo rekodi yenye watu huapa nayo haipo.

Kwa hivyo mtu akikuambia Marciano angemkula bingwa yeyote wa leo, muulize tu: kwa raundi ngapi?

Na kwa nini zilipunguzwa?

Hapa ndio watu wengi huongea bila kujua. Utasikia "siku hizi wanapigana 12 juu ni waoga." Hapana. Novemba 1982 huko Las Vegas, bondia wa Korea Kusini anaitwa Duk Koo Kim alipigana na Ray Mancini kwa uzito mwepesi. Alianguka raundi ya 14. Alikufa siku chache baadaye kwa majeraha ya ubongo. WBC ikakata ubingwa kuwa raundi 12, na mashirika yale mengine yakafuata kabla miaka ya 80 iishe.

Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana. Robert Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul 1988, na mpaka leo ndiye Mkenya pekee amewahi kufanya hivyo kwa ngumi. Mwaka 1994 alikufa Las Vegas baada ya fight. Alikuwa na miaka 26 tu. Na hiyo fight haikufika hata raundi ya 12. Kwa hivyo 12 haijafanya ngumi kuwa salama, imepunguza tu ile sehemu yenye mwili umechoka na kichwa hakina ulinzi. Ukisifu zile raundi tatu za mwisho, kumbuka zilikuwa zinalipwa na nani.

Halafu kuna mambo ya kilo

Marciano alipigana na Walcott akiwa na kilo kama 83. Leo hiyo haikufikishi hata kwa wazito. Kuna daraja chini yao linaitwa cruiserweight, mwisho wake ni kilo 90.7, na hilo daraja halikuwako enzi za Marciano. Lilianza mwishoni mwa miaka ya 70. Oleksandr Usyk alibeba mikanda yote ya hapo 2018 ndio akapanda juu.

Lakini usikimbilie kusema mkubwa lazima ashinde. Louis akiwa na kilo kama 89 alimsimamisha Primo Carnera mwenye alikuwa na kama 118, mwaka 1935, raundi ya sita. Na Desemba 2024 huko Riyadh, Usyk akiwa chini ya kilo 103 alimshinda Fury mwenye kilo 127, mara ya pili mwaka huo huo. Kilo zinasaidia mtu mwenye anajua kuzitumia. Asipojua, ni mzigo wa kubeba raundi 12.

Sasa tupange fight zenyewe

Ali wa 1966 dhidi ya Usyk. Hii ndio tamu zaidi, juu hawa watu wanafanana kuliko unavyodhani. Wote ni kama sentimita 191. Wote walishinda dhahabu ya Olimpiki, Ali Roma 1960 na Usyk London 2012. Wote wanapigana na miguu kwanza, mikono baadaye. Tofauti ni kwamba Usyk anasimama shoto. Na Ali alishawahi kusumbuliwa na shoto: Septemba 1966 huko Frankfurt, Mjerumani Karl Mildenberger, mwenye watu walimwona kama kazi rahisi, alimchelewesha mpaka raundi ya 12 ndio akasimamishwa. Usyk ni Mildenberger mara kumi. Kwa raundi 12, mimi naweka Usyk kwa pointi, kidogo sana, juu Ali angechukua raundi nne za kwanza akisoma hiyo shoto. Kwa raundi 15, naweka Ali. Akishakusoma hukuwa na siri tena, na angekuwa na raundi tatu zaidi za kurudisha deni. Ni watu wale wale na usiku ule ule, lakini mshindi amebadilika.

Mike Tyson wa 1988 dhidi ya Fury. Mike ni sentimita 178, Fury ni 206. Mashabiki wa Mike watasema alimaliza Michael Spinks kwa sekunde 91, na ni kweli. Watasema pia Fury huangushwa, na ni kweli: Steve Cunningham, mwenye hakuwa mzito kuliko Mike, alimwangusha 2013, Deontay Wilder akamwangusha mara kadhaa, hata Francis Ngannou kwa fight yake ya kwanza ya ngumi. Lakini Fury huamka. Na majitu yalishajua dawa ya Mike mapema: Machi 1987, Bonecrusher Smith alimkumbatia usiku mzima mpaka raundi ya 12. Alipoteza kwa mbali, lakini alirudi nyumbani akitembea. Fury anajua kukumbatia kuliko Smith, na akikulalia na zile kilo, miguu inakufa polepole. Hapa raundi si shida. Shida ni refa. Ukimpa Mike refa mkali mwenye anakatisha kukumbatia haraka, Fury analala kabla ya raundi ya sita. Ukimpa refa mpole, Fury anashinda kwa pointi na sisi wote tunalala kwa viti.

Waliovuka enzi kwa miguu yao

Kuna mtu hakuhitaji kompyuta. George Foreman alichukua ubingwa Januari 1973 akimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Akamaliza Ken Norton pia kwa raundi mbili. Frazier na Norton wote walikuwa wamemshinda Ali, kwa hivyo kila mtu akapiga hesabu: Ali amekwisha. Oktoba 1974 huko Kinshasa, Ali akamzima Foreman raundi ya nane. Hapo ndipo ile hesabu ya "huyu alimpiga yule, kwa hivyo" ilizikwa.

Miaka 20 baadaye, Novemba 1994, Foreman huyo huyo, miaka 45, akakutana na Michael Moorer, bingwa wa miaka 26. Moorer alikuwa anaongoza kadi zote. Raundi ya 10, kombora moja, Moorer chini. Mtu wa 1973 amelala na mkanda wa 1994. Kwa hivyo hao wazee hawakuwa wanadanganya kuhusu nguvu za enzi yao.

Lakini Foreman alikuwa wa ajabu. Mara nyingi enzi zikikutana kwa ukweli, haipendezi. Louis akiwa na miaka 37 na deni la ushuru, Marciano alimtupa nje ya kamba 1951. Ali akiwa na miaka 38, Larry Holmes alimpiga raundi 10 mwaka 1980 mpaka kona yake ikasema basi. Miaka minne baadaye, dunia ikaambiwa Ali ana ugonjwa wa Parkinson. Na Novemba 2024 tulikesha kwa Netflix kumwangalia Mike, miaka 58, akizungushwa na Jake Paul. Hiyo haikujibu swali lolote. Ilituonyesha tu vile mwili wa mzee hukaa ukilazimishwa kuwa wa kijana.

Ndio maana hizi fight ni poa zikibaki mdomoni. Huko kila mtu ako fiti, hakuna mtu anapelekwa hospitali. Kwa hivyo wakianza tena kwa base, usinyamaze, lakini uliza maswali matatu: ni raundi ngapi, refa ni wa aina gani, na ni mwaka upi hasa wa huyo bondia? Wakishindwa kujibu, hao wanapigania majina tu.

Mimi nimeshasema zangu: Usyk kwa 12, Ali kwa 15, na Mike kama refa ni mkali. Wewe unaweka nani?