Mbele ya kuomba wabunge, muji ujue unaomba nini

Kila mwaka ni vile vile. Session ya bajeti ya Bunge la Jimbo inakaribia, na wakubwa wa muji wanakaa chini kuandika memorandumu. Ndani wanatia kila kitu: barabara, mayi, umeme, soko, stade, lopitali, madaraja, taa za njiani, kazi ya vijana. Mistari makumi mbili, mara ingine zaidi. Mbunge anapokea karatasi na mikono mbili, wanapiga picha, wanakunywa kidogo, alafu karatasi inaingia ndani ya motoka pamoja naye na hatuisikie tena. Mwaka unaofuata wanaandika ingine. Ni ile ile, tarehe tu njo inabadilika.

Hatutaki kumulaumu mbunge peke yake. Mutu ukimupatia maombi makumi mbili, atachagua ile inamufurahisha, ama hatachagua hata moja, na hauna njia ya kumuuliza. Kosa la kwanza liko kwetu: hatujui kuchagua. Leo tunaandika juu ya Kolwezi, lakini wandugu wa Likasi, wa Fungurume na wa Kipushi watajiona ndani.

Wazee wanakumbuka wakati hii kazi ya kuomba bunge haikuwa na maana kwetu. Kolwezi ilijengwa na Union Minière mwaka 1937, na tangu 1967 Gécamines ikawa baba na mama. Nyumba ni yake, mayi ni yake, masomo na lopitali ni yake, mpaka mufuko wa unga. Mayi ikikatika ku camp, mama alienda kwa chef de cité, na chef de cité alikuwa na mutu wa kumwita. Nani angeenda kutafuta mbunge? Alafu ikakuja mwaka 2003, na wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines wakatoka kwa ile waliita « départ volontaire ». (Kama ilikuwa kweli kwa hiyari, muulize baba yako.) Tangu pale nyumba ikawa yako, lakini bomba ya mayi ikakosa mwenyewe. Muji ulibaki na kazi ya sosiete bila mufuko wa sosiete.

Ule mufuko ulirudi kidogo mwaka 2018, na hapa tunaomba musome polepole, juu ni hapa kila kitu kinaanzia.

Sheria ya mines ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 inasema kila sosiete inalipa redevansi juu ya bei ya madini inayouzisha. Kwa shaba ni 3,5 kwa mia. Kwa kobalti ni 10 kwa mia, tangu serikali ilipoiweka ndani ya madini inayoitwa « stratégique », mwisho wa ule mwaka 2018. Ile redevansi inagawanywa mara ine: 50 kwa mia inaenda Kinshasa, 25 ku jimbo, 10 ku mufuko wa watoto watakaozaliwa kesho, na 15 kwa mia inaenda moja kwa moja pahali mine yenyewe iko: ku komini, ku sekta ama ku shefferi.

Tufanye hesabu ya mfano. Sosiete ikiuzisha kobalti ya dolari millioni 100, redevansi ni millioni 10, na sehemu ya komini ni millioni 1 na nusu. Ikiwa ni shaba ya bei ile ile, redevansi ni millioni 3 na nusu, na komini inapata dolari 525.000. Hii si franga ya karanga. Na tena sheria inasema wazi kama sehemu ya jimbo na ya komini ni kwa kujenga vitu vya lazima vya watu wote, basi. Haisemi mushahara. Haisemi mission ya Kinshasa. Haisemi jeep.

Sasa mama wa Dilala ama wa Manika aulize swali moja: mwaka jana komini yetu ilipata ngapi, na ilifanya nini nayo? Atamuuliza nani? Atasoma wapi? Sosiete inajua ililipa ngapi. Watu wa ITIE wanaandika ndani ya ripoti zao ile sosiete zilisema zimelipa. Bourgmestre anajua iliingia ngapi. Ni mwenye kukaa ku quartier peke yake hajui, na yeye njo anakula vumbi ya makamio usiku na muchana.

Juu ya hii, kama muji ungetuuliza, tungesema: ombi la kwanza ku Bunge la Jimbo liwe hili moja. Kila miezi tatu, kila komini, sekta na shefferi ya Lualaba ibandike ku mulango wa biro yake: tumepata ngapi, ilitoka ku sosiete gani, tumelipa nani, kwa kazi gani. Kwa Kifaransa na kwa Swahili. Bunge la Jimbo liko na nguvu ya kufanya ile. Kufuatana na sheria ya 2008 juu ya komini na sekta, gavana njo anachunga matendo yao, na Bunge la Jimbo njo linamuchunga gavana. Wabunge wanaweza kupiga kura ya sheria ya jimbo; wanaweza pia kumwita waziri wa jimbo na kumuuliza mbele ya watu wote. Haiombi hata franga moja ya bajeti. Mbunge hatasema « hakuna makuta ».

Tunajua watu watasema: bandiko ku mulango haliletake mayi. Ni kweli. Lakini tuangalie yale mengine yote tunaandikaka ndani ya memorandumu. Mifereji ya quartier, daraja ndogo, vyumba vya masomo, pompi ya mayi: ni kwa hizi kazi sheria iliweka 15 kwa mia. Tunaenda kuomba ku jimbo kitu tuko nacho tayari ndani ya mufuko, juu hatujaona mufuko. Siku tutajua ndani muko ngapi, nusu ya memorandumu itaanguka yenyewe. Na kama mufuko uko wazi na haupo na kitu, pale tutajua pia, na tutajua wa kumuuliza.

Umeme ni jambo lingine. SNEL ni ya serikali ya Kinshasa, REGIDESO vile vile. Kumuomba mbunge wa jimbo atuletee umeme ni sawa kumuomba jirani ufunguo wa nyumba ya mutu mwingine. Atakuitikia ndiyo, juu hataki kukuumiza moyo, alafu utangoja mulangoni mpaka usiku.

Kuna kitu kimoja kinauma, na hatutakificha. Muji hauwezi kuomba mwangaza ku bunge wakati biro yake yenyewe iko ndani ya giza. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023, watu wa miji mikubwa ya majimbo walipiga kura ya washauri wa komini, kitu ambacho vijana wetu hawakukionaka tangu wazaliwe. Miaka yote mbele ya pale, wakubwa wa muji walikuwa watu wa kuwekwa, na mutu wa kuwekwa anaangalia mukono uliomuweka. Ule mwenye alipigiwa kura na watu wa quartier yake hana ile sababu. Basi aanze yeye: bandiko la kwanza litoke ku komini yenyewe, mbele hata ya mbunge kufungua kinywa. Mushauri akija ku Bunge la Jimbo na hesabu yake mukononi, nani atamukatalia kuomba hesabu ya wengine?

Ombi la pili ni la wale wanahamishwa. Kolwezi si muji wenye mine pembeni. Ni muji mwenye mine inaingia ndani yake. Watu wa Cité Gécamines wanajua, shimo iko inasogea karibu na manyumba na kuta zinapasuka. Mwezi wa tisa 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya watu waliotoshwa ku manyumba na ku mashamba yao hapa Kolwezi na pembeni. Hatutarudia hapa habari ya kila mutu. Tunataka kusema hivi: sheria ya kuhamisha watu iko. Reglema ya mines, ile ya 2018, iko na directive nzima juu ya kulipa na kuhamisha watu. Shida ni kama baba anakutana na karatasi peke yake, siku moja tu, kwa Kifaransa cha avoka, na mutu wa sosiete anamungoja na kalamu. Tuombe wabunge kitu kidogo na cha wazi: hakuna mutu atasaini bei ya nyumba yake bila kuwa amepewa mbele, kwa maandiko na kwa luga anasikia, orodha ya vitu vyake na bei ya kila kimoja, na mushauri wa komini akae pale kama shahidi. Nyumba ni moja tu maishani kwa wengi wetu. Mutu anachukua mwezi muzima kuuzisha moto yake. Namna gani nyumba wanamupatia asubui moja?

Ombi la tatu ni la wachimbaji wa mikono, wale wote wanaita creuseurs, na hapa lazima tuseme ukweli juu ya nani anaombwa. Sheria inataka muchimbaji awe mutu wa Kongo, awe na karte, awe ndani ya kooperativi, na achimbe paka ndani ya zone iliyowekwa kwa wachimbaji. Vizuri. Lakini pembeni ya Kolwezi, udongo mwenye madini karibu wote uko tayari ndani ya permis za sosiete. Basi kijana anaingia ku konsesyo usiku, anafukuzwa muchana, na kesho yake anarudi, juu watoto wanakula kila siku. Kasulo ilituonyesha mbele ya macho: watu walichimba ndani ya parsele zao, mpaka chini ya nyumba wanalala.

Zone ya wachimbaji haiwekwe na gavana wala na mbunge wa jimbo. Ni waziri wa mines, ku Kinshasa, njo anasaini. Kwa hiyo ile karatasi iende kwa wabunge wa inchi na kwa maseneta wa Lualaba, isichanganywe na ya jimbo. Lakini wabunge wetu wa jimbo wasikimbie. Konstitisyo inasema ni wao njo wanachagua maseneta. Mutu aliyekuchagua anaweza kukupigia simu, na utaipokea. Muji uwaambie: ile simu tunajua muko nayo.

Na muombe zone yenye madini ndani. Inaonekana kama maneno ya kuchekesha, lakini wachimbaji watatuelewa. Zone ambayo hakuna mutu alipimapo udongo wake ni kiwanja cha mupira tu. Ombi litaje kwanza utafiti wa chini ya udongo, alafu mupaka, alafu njia ya kufika pale.

Wengine watauliza kama hii yote ina haraka gani. Tukumbuke mwaka 2025. Tarehe 22 mwezi wa pili Kinshasa ilifunga kobalti isitoke inchini, kwanza kwa miezi ine, alafu ikaongeza tatu, na tangu mwezi wa kumi ni kwa kota: tani 96.600 kwa mwaka 2026, na vile vile 2027. Hatusemi uamuzi ulikuwa mubaya. Bei ilikuwa imeanguka sana, na inchi iko na haki ya kulinda mali yake. Lakini kwa muji unaoishi na kobalti, uamuzi moja kama ule unagusa mufuko wa komini, soko, na nyumba ya muchimbaji kwa mara moja. Ulitoka mbali. Muji wenye sauti ndogo ulisikia habari ku redio kama sisi wote.

Kwa hiyo maombi tatu, si makumi mbili. Stade tumeitosha. Taa za njiani tumezitosha. Barabara ya kuingia ku aeroport pia, hata kama tunajua nani atakasirika. Si juu hazina maana. Ni juu kila mustari unaoongezwa unapunguza nguvu ya mistari iko juu yake.

Na kila ombi liandikwe hivi: ni sheria gani, ni nani mwenye nguvu ya kuitikia, mpaka tarehe gani. Bila ile tarehe, mbunge ataitikia mpaka uchaguzi unaofuata.

Wakati wa vacances parlementaires wabunge wanarudi ku base kutoa habari ya kazi yao. Ni pale njo pa kuuliza. Washauri wa Dilala na wa Manika wakutane mbele ya session kufunguliwa mwisho wa mwezi wa tisa, waandike karatasi moja ya ukurasa moja, na waisome kwa sauti mbele ya watu: ku soko, ku mulango wa kooperativi, ku kanisa kama padri ama pasta anaitikia. Kila mutu aliyesikia atajua nini iliombwa, na kwa nani. Siku mbunge atarudi mwezi wa kwanza na mufuko wa sukari na pagne, mama wa kwanza atakayesimama amuulize ile ya ku mulango wa biro ilifika wapi.