Akiba Haiozi, Lakini Chuma Hushika Kutu

Katika miji na vijiji vingi vya Kenya liko sanduku la mbao au la bati lililosukumwa mvunguni mwa kitanda, au kipo chumba kidogo nyuma ya nyumba ambacho kufuli lake hufunguliwa mara moja au mbili kwa mwaka. Ndani yake mna randa tatu, misumeno mitano, patasi za kila upana, tupa, keekee, jiriwa, na spana zisizohesabika. Mwenyewe huenda akawa fundi, au mkulima, au karani aliyekusudia kuanza useremala atakapostaafu. Akiulizwa sababu ya kuweka misumeno mitano, naye ana mikono miwili tu, hujibu upesi, "Akiba haiozi."

Mithali hiyo ni ya kweli, lakini haikunenwa juu ya chuma. Fedha ikiwekwa benki huongezeka, na ng'ombe akitunzwa huzaa. Chombo cha kazi hakizai kwa kulala. Kikilala hupungua, na aghalabu hupungua bila mwenyewe kujua.

ASILI YA TABIA HII

Si haki kuwacheka watu wenye tabia hii, kwa maana wengi waliipata kwa sababu nzuri. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mfanyabiashara wa Kenya aliyetaka kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo alihitaji leseni, na fedha za kigeni hazikupatikana ila kwa ruhusa. Katika siku hizo, fundi aliyeona msumeno mzuri dukani aliununua hata kama hakuuhitaji, kwa kuwa hakujua kama angeuona mwingine mwaka ule. Masharti hayo yaliondolewa, na maduka yakajaa vyombo vya kila namna, lakini desturi ya mkono kushika kila kinachopita ilibaki.

Sababu ya pili ni hofu ya waazimaji. Mtu huazimisha patasi ikarudi na pengo, au isirudi kabisa, basi huapa kwamba hataazimisha tena, na kila mmoja katika kijiji hulazimika kununua yake. Sababu ya tatu ni fahari. Kuwa na vyombo vingi humfanya mtu ajione fundi, hata kama kazi yenyewe haijaanza. Kununua randa huchukua dakika chache. Kujifunza kuinoa na kuisukuma juu ya ubao mpaka ubao uwe laini huchukua miezi. Kwa sababu hiyo wengi huchagua lililo jepesi, kisha hununua randa ya pili wakitumaini kwamba hiyo ndiyo itakayowafundisha.

HASARA ILIYOFICHIKA

Chuma hushika kutu kinapopata maji na hewa pamoja. Maji hayo si lazima yawe mvua. Unyevu wa hewa ya usiku watosha. Huko Mombasa na mahali pengine pa pwani, chumvi ya bahari huharakisha jambo hilo. Hata jasho la kiganja lina chumvi, na fundi aliyeshika ubapa wa msumeno kisha akaufungia sandukuni bila kuufuta, siku nyingine aweza kuona alama za vidole vyake zimeandikwa kwa kutu. Unga wa mbao ulioachwa ndani ya randa nao hunywa unyevu na kuushikilia penye chuma.

Mti nao huharibika. Mpini wa nyundo ukikauka hunywea, kichwa kikalegea, na siku chombo kitakapohitajika kwa haraka kichwa chaweza kuruka na kumjeruhi mtu. Wengine hutumbukiza nyundo katika maji ili mpini uvimbe. Dawa hiyo ni ya siku chache tu, kwa maana mti ukikauka tena hulegea kuliko kwanza. Dawa ya kweli ni kabari. Penye mchwa, mwenyewe aweza kukuta vyuma bila mipini.

Vyombo vipya havikuepuka hasara hii. Keekee ya betri ikiachwa miezi mingi hali betri imekwisha nguvu, huenda betri hiyo isikubali kujazwa tena. Pampu ya shamba yenye injini, ikiwekwa na petroli ndani yake tangu msimu hata msimu, hukataa kuwaka, kwa kuwa petroli iliyokaa huharibika na kuacha utando kama gundi katika kabureta. Chombo kinachofanya kazi kila juma hupata kufutwa, kunolewa na kutiwa mafuta. Kilichofungiwa hakimkumbushi mtu.

Yafaa pia kupiga hesabu. Tuseme mtu amenunua keekee ya umeme kwa shilingi 8,000, naye huitumia mara 2 kwa mwaka. Baada ya miaka 5 itakuwa imefanya kazi mara 10, na kila mara imemgharimu shilingi 800. Kama angalikodi ya jirani kwa shilingi 200 kwa siku, angalilipa shilingi 2,000 tu, na shilingi 6,000 zingalibaki kwa mbolea au karo. Na kwa upande wa pili, mwenye keekee hiyo akiikodisha siku 2 tu kila mwezi kwa bei hiyo hiyo, atapata shilingi 4,800 kwa mwaka, na katika miezi 20 fedha yake yote itakuwa imerudi.

FUNZO LA SHULE NA LA KAMUKUNJI

Jambo hili si la mtu mmoja mmoja tu. Mpango wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulitaka watoto wafundishwe kazi za mikono, na wazazi wakachanga kwa harambee kujenga vyumba vya ufundi na kununua vyombo. Katika miaka iliyofuata masomo hayo yakapunguzwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 sanaa na ufundi havikuwa tena katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Katika shule nyingine chumba kile kikageuzwa darasa au ghala, na vyombo vikafungiwa kabatini. Vilikuwa mali ya shule, basi hapakuwa na aliyethubutu kuviuza. Havikuwa na somo, basi hapakuwa na aliyevitumia. Jasho la wazazi likalala pale.

Linganisha jambo hilo na Kamukunji, katika jiji la Nairobi. Huko mafundi wa jua kali hufua masanduku, majiko, sufuria na toroli. Fundi wa huko aweza kuwa na nyundo, patasi ya chuma, mkasi wa bati, na kipande cha reli ya gari la moshi kilichokuwa fuawe. Vyombo vyake vyote vyaweza kuingia katika gunia moja, lakini tangu asubuhi hata jioni hakuna kinachopoa. Wingi wa vyombo sio unaolisha watoto wake. Kinachowalisha ni kazi ya vile vichache.

NANI ANAYEUMIA

Anayeumia kwanza ni kijana. Vyuo vya ufundi vimefundisha vijana wa Kenya kwa muda mrefu. Kile cha Kabete kilianzishwa mwaka 1924. Lakini kijana aweza kumaliza chuo akiwa na cheti kizuri na asiwe na randa. Mwenye nyumba hamwajiri fundi asiye na vyombo. Basi kijana huyo hubeba mbao za wengine kwa ujira wa kibarua, na mkono uliofundishwa husahau. Huku nyuma, hatua mia kutoka kwao, randa tatu zimelala mvunguni.

Anayeumia pili ni mjane. Mwenye sanduku akifa bila kuandika lolote, watu wa nyumbani hawajui patasi njema na mbovu. Mnunuzi wa vyuma chakavu hufika na mizani yake, na vyombo vilivyokusanywa kwa miaka 30 huuzwa kwa kilo, pamoja na mabati yaliyotoboka. Katika dakika kumi akiba yote imekwisha, nayo haikumfaa marehemu wala watoto wake.

VIPI VIWEKWE, VIPI VITOLEWE

Haifai kusema kwamba kila chombo kisichotumika mara kwa mara kitupwe. Chombo cha kuchonga nyuzi za parafujo huenda kikatumika mara moja kwa mwaka, lakini siku hiyo hakuna kingine kiwezacho kufanya kazi yake. Mwenye akili na ajiulize maneno matatu. Je, chombo hiki nikikihitaji leo usiku nitakiona? Je, kikionekana kitakata? Je, nikiwa sina, naweza kukipata kwa jirani au dukani kabla ya kesho jioni? Kile ambacho ni vigumu kukipata penginepo, na kimetunzwa, kiwekwe kwa heshima. Kile ambacho ni cha tatu cha namna yake hakina sababu ya kukaa.

Njia ya kufuata ni hii:

1. Chagua siku moja ya kiangazi, utoe vyombo vyote nje juu ya mkeka. Wengi hushangaa kuona koleo mbili au tatu walizonunua kwa sababu ya kwanza haikuonekana.

2. Ondoa kutu kwa mafuta ya taa na msasa, noa penye makali, kaza mipini kwa kabari, kisha pangusa kila chuma kwa kitambaa chenye mafuta mazito kidogo. Mafuta ya taa peke yake hukauka upesi wala hayalindi.

3. Tenga mafungu matatu: vya kazi ya kila siku, vya nadra lakini vya lazima, na vilivyozidi.

4. Andika vyote katika daftari: jina la chombo, hali yake, na bei. Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Karani asiyekubali kutoa hata kalamu ofisini bila sahihi hana udhuru wa kuishi na vyombo visivyoandikwa nyumbani kwake.

5. Vilivyozidi viuzwe, au vikodishwe, au apewe kijana alipe kidogo kidogo kwa kazi yake. Mkopaji na atie sahihi, na siku ya kurudisha iandikwe. Chombo cha thamani kiwe na amana.

Neno la daftari ndilo litakaloondoa ile hofu ya waazimaji. Ugomvi mwingi wa jirani na jirani hauanzi kwa wizi. Huanza kwa kusahau. Katika mji wa Berkeley, nchi ya Marekani, maktaba ya umma ilianza mwaka 1979 kuwaazima watu vyombo vya kazi kwa desturi ile ile ya vitabu: jina, tarehe, na faini kwa anayechelewa. Chama cha ushirika, kanisa, msikiti au kikundi cha akina mama chaweza kufanya vivyo hivyo kwa kabati moja na mtunzaji mmoja mwaminifu.

Huko Uingereza nako lilianzishwa, mwishoni mwa miaka ya 1970, shirika liitwalo Tools for Self Reliance. Watu wake walikusanya vyombo vilivyolala katika vibanda vya nyuma ya nyumba, wakavisafisha na kuvinoa, kisha wakavipeleka kwa mafundi wa Afrika, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizovipokea. Ikiwa nyundo iliyolala Uingereza yaweza kuvuka bahari ili imfikie fundi wa Afrika, ile iliyolala katika kijiji cha Kenya haishindwi kuvuka boma.

Kiangazi hakidumu, na mvua zikianza unyevu utaingia masandukuni kama kila mwaka. Mwenye ufunguo na aufungue mapema, ahesabu alivyo navyo, na amfikirie kijana wa jirani aliyemaliza chuo. Msumeno mmoja unaokata mikononi mwa mwenye kazi ni mali kuliko mitano iliyofungwa kwa kufuli.