Paka Ajikunaye Si wa Kutupwa



Katika miji yetu ya pwani ni chache nyumba zisizo na paka. Huingia jikoni, hulala mkekani, na hupita mbele ya mwenye kusali pasi na kuuliza. Sheria yetu haikumhesabu kuwa najisi. Yajulikana katika hadithi ya Abu Qatada, Mwenyezi Mungu amwie radhi, kuwa alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu hata akanywa. Lakini paka huyo huyo akianza kujikuna na kunyonyoka manyoya, watu huanza kumwogopa, na pengine hutiwa guniani akaenda kutupwa sokoni. Mwezi huu twataka kulieleza jambo hili, kwani muwasho wa paka mara nyingi una dawa.

Sababu za muwasho ni nyingi, na iliyo kubwa ni kiroboto. Kiroboto aumapo huacha mate katika ngozi. Paka mmoja hustahamili. Mwingine mwili wake huyakataa mate hayo, na huo ndio uitwao mzio. Paka mwenye mzio hahitaji viroboto mia; kuumwa mara chache tu kwamtosha kukosa raha siku nyingi. Mzio wenyewe hauambukizi mtu wala mnyama.

Dalili zake ni hizi. Paka hujikuna na kujilamba pasi na kupumzika. Ukimpapasa mgongoni, shingoni na penye shina la mkia, utahisi vigaga vidogo vidogo kama chembe za mchanga. Tumboni na mapajani manyoya hupungua kwa kulambwa. Wala usiseme, "Hana viroboto, mbona siwaoni?" Paka huwameza anapojilamba. Mchane kwa kitana cha meno membamba juu ya kitambaa cheupe kilicholowana. Ukiona punje nyeusi zinageuka rangi ya kutu, hicho ni choo cha viroboto, nacho ni damu waliyoinywa.

Ama akijikuna zaidi kichwani na shingoni, huenda sababu ni chakula, kama vile samaki, kuku au nyama aliyoizoea. Hapo daktari wa mifugo huweza kuagiza alishwe nyama asiyopata kuila, pasi na kuchanganya na kitu kingine, kwa muda wa majuma 8 hivi. Vumbi na chavua navyo huwasha wengine. Lakini uchafu mweusi masikioni, mfano wa machicha ya kahawa, mara nyingi ni utitiri wa masikio. Na mapengo ya mviringo katika manyoya huenda yakawa choa. Choa huwaambukiza watu, khasa watoto. Basi paka wa namna hiyo asikawie kuonyeshwa daktari.

Sasa twaonya. Msimpake paka mafuta ya taa. Huunguza ngozi, na akijilamba humdhuru tumbo na mapafu. Msimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, wala msimtie dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa. Nyingi zina permethrini, nayo humtetemesha paka na kumwua. Wala msimpe vidonge vya binadamu: paracetamoli, hata kidonge kimoja, huweza kumwua. Wengi wafanyao haya hudhani kuwa wanamhurumia.

Tiba iliyo sawa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mnyama. Mwendeeni daktari au afisa wa mifugo awape dawa ya viroboto ya paka, kwa kadiri ya uzito wake. Nyingi hudondoshwa nyuma ya shingo pasipofika ulimi. Wapewe paka wote wa nyumba, hata wasiojikuna, kila mwezi au kama dawa inavyoagiza. Muwasho ukizidi, daktari ataongeza dawa ya kuutuliza.

Ya pili ni nyumba, nayo ndiyo husahauliwa. Kiroboto jike huweza kutaga mayai 40 kwa siku, nayo huanguka mikekani, katika nyufa na chini ya vitanda. Wachanga wake hujifungia katika vifuko, wakangoja majuma au miezi. Basi fagieni kila pembe, kung'uteni mikeka, na fueni kwa maji ya moto matandiko anayolalia paka kila juma. Msikate tamaa viroboto wakionekana tena baada ya siku chache: hao ni wale waliokuwa katika vifuko. Endeleeni miezi 3 kwa uchache.

Enyi vijana, mwaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Paka wa nyumbani naye amefungika kwetu. Hawezi kusema panapomwuma, wala hawezi kwenda dukani kununua dawa. Kumtupa sokoni hakumponyi. Kwahamisha tu mateso yake yasionekane nasi, na viroboto aliotuletea hubaki mikekani mwetu.

Basi kabla ya Ijumaa ijayo, chukueni kitana na kitambaa cheupe, mkamtazame paka wenu.

Wabillahi tawfiq.