Mchezo Safi, Mtego Katika Bei

Wazazi wengi wakristu wanajisifu wakisema: «Mtoto wangu hachezi katika telefone ile michezo ya kuuana. Yeye anacheza ya watoto tu: vinyama, bustani, nyumba ndogo.» Wakiisha kusema hivi, wanamwachia telefone mpaka jioni, na roho zao zimetulia. Mimi nasema wanajidanganya.

Tangu Papa Pio XI alipoandika barua Vigilanti Cura juu ya sinema, mwaka 1936, tumezoea kuuliza swali moja: picha ni safi ao si safi? Swali ni jema. Lakini mfanya biashara wa leo amekwisha kulijibu mbele yetu. Anaondoa damu, anaondoa uchi, anatia rangi nzuri; halafu anaficha mtego katika bei.

Mnawajua Schtroumpfs, wale watu wadogo wa rangi ya buluu waliochorwa na Peyo, Mbelgiji, mwaka 1958. Nani atasema ni wabaya? Basi, mwaka 2010 ulitoka mchezo wa telefone wa kujenga kijiji chao. Kuupata ilikuwa bure. Mtoto anapanda mbegu, anangojea zikue. Asipotaka kungoja, ananunua matunda ya kuharakisha kazi, kwa feza ya kweli. Gari moja la matunda hayo (matunda yasiyolika!) liliuzwa karibu dola 100. Huko Marekani binti wa miaka 8 alimaliza dola 1,400 za wazazi wake. Mtoto wa umri ule atajuaje kama ni feza ya kweli? Mwaka 2014 kampuni ya Apple, ambayo duka lake lilikuwa likiuza vitu vya namna hii, ilikubali kuwarudishia wazazi dola milioni 32.5 kwa uchache.

Angalieni ujanja wenyewe. Uvumilivu wa mkulima, ambao sisi tunawafundisha watoto shambani, umegeuzwa kuwa azabu ya mtu asiye na feza.

Tena kuna sanduku la bahati: unalipa kwanza, unajua baadaye ulichonunua. Mwaka 2018 serikali ya Ubelgiji ilitangaza kwamba masanduku ya namna hiyo ni mchezo wa kamari. Mwaka 2019 Nintendo ikaondoa kule mchezo wake Animal Crossing: Pocket Camp, mchezo wa vinyama wapole wenye kupiga kambi!

Huko Ulaya, tangu 2003, alama ya PEGI inaonyesha umri. Tarakimu 3 ilimwambia mzazi kwamba hamna picha za kutisha wala matusi. Juu ya mfuko wake haikumwambia kitu. Ni mwaka 2018 tu walipoongeza alama ya mkono wenye kushika karti ya banki.

Wengine watanijibu: «Sisi hatuna karti ya banki, mtego huo hautatushika.» Mfuko wa baba labda utapona. Lakini mtoto anayeonyeshwa kila dakika kitu asichoweza kununua, nani anamfundisha tamaa hiyo? Sisi tunamfundisha amri ya kumi saa moja kwa juma. Telefone inamfundisha kila siku.

Mchezo unaolipiwa mara moja, nao ukanyamaza, sigombani nao. Jumapili hii, baba akitoka Misa, akae karibu na mtoto nusu saa, ahesabu ni mara ngapi vile vinyama vipole vinamwomba anunue.