Serikali Ikidai na Serikali Ikidaiwa

Serikali yoyote hupimwa kwa mambo mawili: namna inavyomdai mwananchi wake, na namna inavyojibu inapodaiwa naye. Mizani ikiwa moja, wananchi huvumilia mengi, hata kodi nzito na hata makosa ya viongozi. Lakini mnyonge akipimiwa kwa mizani yake na mkubwa akapimiwa kwa nyingine, hapana hotuba itakayoweza kuituliza hasira ya umma.

Hiyo ndiyo habari ya Australia katika miaka kumi iliyopita. Wengi wetu tumezoea kuihesabu nchi hiyo miongoni mwa nchi tajiri na tulivu, ambazo mambo yake ya siasa hayana kishindo. Kupiga kura huko ni wajibu wa kisheria tangu mwaka 1924, na asiyepiga bila sababu ya maana hutozwa faini. Hata hivyo, kati ya mwaka 2010 na 2018 mawaziri wakuu wanne waliangushwa na wabunge wa vyama vyao wenyewe, bila wananchi kuulizwa: Kevin Rudd mwaka 2010, Julia Gillard mwaka 2013, Tony Abbott mwaka 2015, na Malcolm Turnbull mwaka 2018.

Wako wanaodhani kwamba manung'uniko ya Waaustralia yalitokana na kinyang'anyiro hicho cha vyeo. Mimi sikubaliani nao. Kinyang'anyiro cha vyeo huwachosha watu, lakini hakiwaingizi uchungu moyoni. Uchungu huingia pale mtu wa kawaida anapoonewa na ofisi iliyowekwa kumsaidia, kisha asipatikane hata mmoja wa kubeba dhamana. Kwa Waaustralia jambo hilo lina jina: Robodebt, yaani deni lililobuniwa na mashine.

Hesabu ya mashine

Australia huwalipa posho wasio na kazi, wanafunzi, wagonjwa na wengine wenye shida. Posho hiyo huhesabiwa kila wiki mbili, kwa kufuata mapato ya mtu katika wiki hizo mbili. Mwaka 2015 serikali ya muungano wa vyama vya Liberal na National iliamua kuwasaka watu waliodhaniwa kuwa wamelipwa kupita kiasi, ikitarajia kuokoa zaidi ya dola bilioni moja za nchi hiyo. Kuanzia mwaka 2016 kazi hiyo ikakabidhiwa kompyuta.

Kompyuta ilichukua mapato ya mwaka mzima kutoka idara ya kodi, ikayagawa sawasawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili. Tuseme kijana alifanya kazi miezi sita akapata dola 13,000, kisha akakosa kazi miezi sita akalipwa posho kihalali. Mashine iligawa 13,000 kwa 26, ikapata dola 500, ikasema kwamba kijana huyo alikuwa akipata dola 500 kila wiki mbili mwaka mzima, hata zile wiki alizokuwa hana senti mfukoni. Basi akahesabiwa kuwa mwongo na mdaiwa wa serikali.

Mwalimu wa shule ya msingi angeliona kosa hilo mara moja. Wastani wa mvua ya mwaka haukuambii kama ilinyesha Jumanne. Zamani maofisa walikuwa wakizipitia hesabu za namna hiyo, wakiwauliza waajiri, kabla ya kumwandikia mtu. Mpango mpya uliwaondoa maofisa hao katika njia, na barua za kuwataka wananchi wajieleze zikafikia 20,000 kwa wiki moja.

Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa katika mzigo wa ushahidi. Kwa kawaida anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha deni. Hapa mdaiwa ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hadaiwi, kwa kuleta hati za mshahara za miaka mingi nyuma, pengine kutoka kwa mwajiri ambaye biashara yake imekwisha kufa. Aliyeshindwa kujieleza aliweza kuongezewa asilimia 10 juu ya deni. Wengine walikabidhiwa kwa kampuni za kukusanya madeni. Mama waliopoteza watoto wao wa kiume, ambao walijiua baada ya kudaiwa hivyo, walikuja baadaye kutoa ushahidi hadharani.

Mwaka 2021 Mahakama ya Shirikisho ilipotoa hukumu katika shauri la pamoja la waathirika, hesabu ilikuwa hii: madeni yasiyo halali yapatayo dola bilioni 1.76 yaliyobandikwa kwa watu wapatao 433,000, na katika hizo, dola milioni 751 hivi zilikwisha kuchukuliwa kutoka kwa watu wapatao 381,000. Jaji Bernard Murphy aliuita mpango huo sura ya aibu katika historia ya uendeshaji wa serikali hiyo.

Ushauri uliofungiwa

Kukosea ni jambo la kibinadamu, na serikali huendeshwa na binadamu. Kama Robodebt ingalikuwa kosa la hesabu tu, ingalirekebishwa katika miezi michache na watu wakasahau. Lakini ukweli ulijulikana mapema, ndani ya ofisi zenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2014, kabla mpango haujapelekwa kwenye Baraza la Mawaziri, wanasheria wa wizara iliyohusika walikwisha kushauri kwamba njia hiyo ya kugawa mapato haiafikiani na sheria. Mwaka 2017 Profesa Terry Carney, mjumbe wa baraza la rufaa la mambo ya utawala, aliamua katika mashauri kadhaa kwamba madeni ya namna hiyo hayana msingi wa kisheria. Serikali haikukata rufaa. Kwa kutokata rufaa, maamuzi hayo hayakutangazwa, na barua ziliendelea kutoka. Mwaka huo huo Profesa Carney hakuteuliwa tena. Mwaka 2018 kampuni ya mawakili iliyoombwa ushauri ilisema vivyo hivyo, na ushauri wake ukaachwa katika hali ya rasimu. Hadi Novemba 2019, serikali ilipokiri mahakamani kwamba deni la mlalamikaji mmoja halikuwa halali, ndipo njia hiyo ya hesabu iliposimamishwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tume ya Kifalme iliyoundwa na serikali mpya ya Labor mwaka 2022, chini ya Bibi Catherine Holmes, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Queensland, ilitoa ripoti yake tarehe 7 Julai 2023. Ilieleza kwamba mpango ulikuwa wa kikatili, usio wa haki wala wa kisheria. Ilisema kwamba Bwana Scott Morrison, ambaye mwaka 2015 alikuwa waziri mhusika na baadaye akawa Waziri Mkuu, aliliacha Baraza la Mawaziri lipotoshwe. Naye Bwana Morrison amelikataa hilo. Ilisema pia kwamba Bwana Alan Tudge, aliyekuwa waziri wakati malalamiko yalipopamba moto, alitumia vibaya madaraka yake pale habari za wapokea posho zilipotumiwa katika magazeti ili kuwakatisha tamaa wakosoaji.

Katika simulizi hili wapo pia watumishi wa aina mbili, ambao kila mfanyakazi wa ofisi anawajua. Yuko mtumishi wa kawaida wa idara ya posho ambaye mwaka 2017 aliwaandikia wakubwa wake, akieleza waziwazi kwamba wananchi wanadaiwa fedha wasizodaiwa. Wako na wale waliosoma ushauri wa wanasheria, wakaona kwamba waziri hatapenda kuusikia, wakaufunika katika jalada. Wa kwanza hakusikilizwa. Wa pili waliendelea kushika nafasi zao.

Nani amebeba dhamana?

Hapa ndipo penye kiini cha hasira ya wananchi. Mwananchi aliyedaiwa dola elfu mbili alipewa wiki chache tu za kujibu. Viongozi waliodaiwa maelezo ya dola bilioni moja na nusu na zaidi walichukua miaka.

Mwezi Septemba 2024 uchunguzi wa Kamishna wa Utumishi wa Umma uliwaona watumishi 12, wawili kati yao makatibu wakuu wa zamani, kuwa wamekiuka kanuni za maadili mara 97. Waliokuwa wamekwisha kuacha kazi hawakuweza tena kupewa adhabu ya kikazi. Kwa mawaziri hapakuwa na kanuni ya namna hiyo ya kuwahukumu. Hukumu yao waliachiwa wapiga kura.

Kulikuwa na tumaini moja. Waaustralia walikuwa wamedai kwa miaka mingi chombo cha taifa cha kupambana na rushwa, na katika uchaguzi wa Mei 2022 madai hayo yaliwasaidia wagombea wa kujitegemea, wengi wao wanawake, kuyachukua majimbo yaliyokuwa ngome za chama cha Liberal. Tume hiyo ilianza kazi tarehe 1 Julai 2023. Bibi Holmes aliipelekea majina ya watu sita katika sura ya siri ya ripoti yake. Juni 2024 Tume ikatangaza kwamba haitawachunguza. Wananchi walipiga kelele kwa mamia ya malalamiko, na Oktoba mwaka huo Mkaguzi wa Tume akathibitisha kwamba Kamishna mkuu hakujitenga ipasavyo na uamuzi uliomhusu mtu anayefahamiana naye. Uamuzi ukaangaliwa upya, na Februari 2025 Tume ikasema kwamba itachunguza. Chombo kilichoundwa ili kuwahoji wakubwa kilihitaji kwanza kuhojiwa chenyewe.

Robodebt haikuwa peke yake. Agosti 2022 ilifichuka kwamba kati ya Machi 2020 na Mei 2021 Bwana Morrison, akiwa Waziri Mkuu, alijiteulia madaraka ya wizara nyingine tano, zikiwamo za afya na fedha, bila umma kutangaziwa. Baadhi ya mawaziri wenyewe hawakujua kwamba kuna mwingine mwenye mamlaka juu ya wizara zao. Wakili Mkuu wa Serikali alisema kwamba jambo hilo lilidhoofisha msingi wa serikali inayowajibika kwa Bunge. Tarehe 30 Novemba 2022 Baraza la Wawakilishi lilimlaumu rasmi kwa kura 86 dhidi ya 50, na hakuna Waziri Mkuu wa zamani aliyekuwa amelaumiwa hivyo kabla yake. Waziri asiyejulikana hawezi kuulizwa swali. Hata kama hakutenda lolote baya, wananchi wamenyang'anywa haki ya kujua wamuulize nani.

Chama cha Labor kilinufaika na hasira hiyo kikashika serikali. Lakini nacho hakina budi kupimwa kwa mizani ile ile. Bibi Holmes alishauri kifutwe kifungu cha sheria kinachozuia nyaraka zisitolewe kwa wananchi kwa sababu tu zimeitwa nyaraka za Baraza la Mawaziri. Novemba 2023 serikali ya Bwana Anthony Albanese ilikubali mapendekezo yake mengine, moja kwa moja au kimsingi, hilo ililikataa. Wapinzani hupenda madirisha yawe wazi, lakini wakiingia ndani huanza kuona baridi.

Haki inataka tuseme na upande wa pili. Mahakama za Australia zilifanya kazi yake. Tume ya Kifalme iliwaita mawaziri waliokuwa wakubwa, ikawahoji mbele ya taifa zima. Fedha zilirudishwa, na Septemba 2025 serikali ilikubali kulipa fidia nyingine ya dola milioni 475. Nchi nyingi zingelizika jambo kama hili lisisikike tena. Lakini fidia hutoka katika mfuko wa umma. Mwananchi aliyeonewa hulipwa kwa kodi yake mwenyewe na ya jirani yake, na aliyetia sahihi uonevu hapungukiwi na kitu. Malipo ya namna hiyo hupunguza deni, hayalifuti.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya mnyonge wa Australia haikuwa kubwa. Ilikuwa afisa mmoja aitazame hesabu kabla ya barua kutumwa. Ushauri wa sheria ufikishwe kwa wenye kuamua bila kupunguzwa makali. Na atakayeukiuka ajulikane kwa jina na cheo. Mambo hayo hayakuhitaji mashine mpya wala tume. Yalihitaji mtu mezani mwenye kalamu na uthubutu wa kuandika juu ya jalada: "Hili haliruhusiwi na sheria." Waliandika hivyo wachache, na maandishi yao ndiyo yaliyokuja kuwa ushahidi mbele ya Bibi Holmes. Serikali itakayowalinda watumishi wa namna hiyo wakiwa bado kazini haitahitaji kurudisha mamilioni baadaye, na wananchi wake hawatakuwa na sababu ya kuiita yenyewe mdaiwa.