Soma leseni kabla ya kununua hisa

Mwekezaji mdogo anapotazama hisa za makampuni ya kompyuta huuliza mauzo, faida na madeni. Ni nadra kuuliza leseni. Hilo ni kosa, hasa kwa makampuni yanayogawa bure maandishi ya programu zao, yaani yale maagizo yanayoiendesha kompyuta.

Leseni hizo ni za aina mbili. Inayobana, kama GPL, humtaka anayeibadili programu na kuisambaza atoe pia maandishi yake kwa masharti yale yale. Isiyobana, kama MIT, BSD na Apache 2.0, humruhusu yeyote kutumia, kubadili na kuuza, mradi asifute jina la mwenye haki na maelezo ya leseni.

Isiyobana huvuta wateja haraka, lakini huvuta na washindani. Mfano ni kampuni ya Elastic. Programu yake ya kutafutia habari, Elasticsearch, ilitolewa mwaka 2010 kwa leseni ya Apache. Mwaka 2015 Amazon ilianza kuiuza kama huduma yake. Elastic iliingia Soko la Hisa la New York mwaka 2018, na Januari 2021 ikatangaza leseni mpya ya kumzuia mshindani huyo. Ilikuwa imechelewa. Amazon ilichukua toleo la mwisho lenye leseni ya zamani, ikaanzisha OpenSearch. Agosti 2024 Elastic ilirudi kwenye leseni huria, safari hii AGPL, ambayo inabana.

Wapo wanaosema dawa ni kuikwepa leseni isiyobana. Sikubaliani nao. Google ilitoa Kubernetes mwaka 2014 kwa leseni hiyo hiyo ya Apache, nayo haikupata hasara, kwa sababu moja ya biashara zake ni kukodisha kompyuta zinazoendesha programu hiyo. Tatizo ni kutaka kuuza kile kile ulichokwisha gawa. Aliyegawa mbegu hawezi kurudi shambani kwa jirani kudai mavuno.

Kwa hiyo, mwekezaji, kabla ya kutoa fedha zako uliza mambo mawili: programu ina leseni gani, na kampuni inauza nini ambacho haijakigawa? Kama jibu la pili ni programu ile ile, subiri kwanza.